Foleni ya mshauri nasaha imefika wiki tatu, tuanzie wapi?

Swali: Chuo chetu kiko Kenya. Tuna mshauri nasaha mmoja kwa wanafunzi zaidi ya 4,000. Anayeomba miadi leo hupangiwa baada ya wiki tatu, na wengi siku ikifika hawatokei. Pesa za kuajiri wa pili hatuna. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali), hujazwa mapokezi, ila hatuoni faida yake.

Jibu: Mnakwama kwa sababu kila abishaye hodi hupewa kikao cha saa nzima, awe amegombana na mwenzake wa chumba au hajala siku mbili. Tengeni saa mbili kila siku zisizo na miadi, dakika 20 kwa mtu. Hapo mshauri haanzi tiba. Anaamua tu nani aonwe leo, nani wiki hii, nani apewe rufaa.

Dodoso mnalijumlisha na kulifungia kwenye faili, ndipo linapoharibika. Maswali ni tisa, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 kwenda juu zadai uchunguzi, bado si uthibitisho wa sonona. Lakini swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, lisomwe kabla ya jumla. Mwenye jumla ya 4 aliyeweka 1 hapo aonwe siku hiyo hiyo, faraghani, aulizwe waziwazi kama ana mpango wa kujiua na njia ya kuutekeleza. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akisema anao, asiachwe peke yake hata kidogo: apelekwe hospitali akisindikizwa. Usiku ofisi ikiwa imefungwa, kuna simu ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Jihadharini na majuma ya mitihani. Usingizi, uchovu, hamu ya kula na umakini vyaweza kuleta alama 12 vyenyewe, na dodoso huuliza wiki mbili zilizopita. Lirudieni wiki mbili baada ya karatasi ya mwisho.

Wenye dhiki ya wastani wanafaa mpango wa PM+ (Problem Management Plus, wa kumsaidia mtu kukabili matatizo na msongo) wa Shirika la Afya Duniani, uliokwisha kujaribiwa Nairobi: vikao vitano vya dakika 90, vinavyoendeshwa na wasio wataalamu waliofunzwa. Wafunzeni walezi wa hosteli, na mshauri awasimamie kila wiki. Usimamizi usipowezekana, msianze kabisa.

Mwisho, mlango. Ofisi ikipakana na ya nidhamu, ihamisheni. Wengine huogopa polisi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kinakiuka Katiba. Bandikeni hilo mlangoni.