Ukitaka Kujifunza Kiserbo-Kroatia, Anza na Kitenzi «Htjeti»

Anayeniuliza aanzie wapi kujifunza Kiserbo-Kroatia, lugha ya Serbia, Kroatia, Bosnia na Montenegro, humshauri aweke kando kwa muda majedwali marefu ya miisho ya nomino na ashike kwanza kitenzi kimoja, htjeti, yaani kutaka, ambacho Serbia huandikwa hteti. Vitabu nilivyojifunzia vilikichelewesha kwa kuwa hakifuati kanuni, jambo ambalo kwa maoni yangu si busara, kwani bila kitenzi hicho huwezi kuzungumzia hata kesho yako.

Asili yake ni lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kislavi, na ndiyo maana Wacheki nao husema chtít na Wapolandi chcieć. Zamani sauti ya t ilipokutana na y katika wakati uliopo, Waslavi wa kusini magharibi waliigeuza ikawa ć, ambayo sikio la Mswahili huipokea kama ch laini. Hivyo tunapata hoću (ninataka), hoćeš, hoće, hoćemo, hoćete na hoće, ambapo «anataka» na «wanataka» huandikwa sawasawa na hutofautiana kwa urefu wa irabu tu, tofauti ambayo wazungumzaji wengi wa mijini hawaijali. Mwisho wa -u katika nafsi ya kwanza umesalia hapa na katika mogu (ninaweza); vitenzi vingine karibu vyote huishia na -m.

Utamu umo katika umbo fupi, ću, ćeš, će, ćemo, ćete, će, kwa sababu hilo ndilo linalojenga wakati ujao. Msemaji wa Kiswahili ana mtaji hapa: kiambishi chetu -ta- nacho kimetokana na kutaka, na kitenzi hicho bado kinaonekana kizima tunaposema «atakayekuja». Wagiriki, Wabulgaria na Waromania nao wamepita njia hiyohiyo, kila mmoja kwa kitenzi chake cha kutaka.

Tofauti ni kwamba -ta- hukaa ndani ya kitenzi, ilhali ću ni neno linalojitegemea lakini haliwezi kufungua sentensi. Hutafuta nafasi ya pili. Utasema Sutra ću doći, kesho nitakuja, au Doći ću sutra, lakini kamwe hutaanza na ću. Katika kuuliza, umbo refu hurudi: Hoćeš li doći? Katika kukanusha, ne (si) huungana na umbo fupi na kuwa neću, na kwa kuwa neću inaweza kuanza sentensi bila tatizo, ningekushauri uanze mazoezi na ukanushi huo kabla ya kuingia kwenye mpangilio wa maneno.

Katika maandishi, Mkroatia huandika pisat ću na Mserbia pisaću, yote yakimaanisha nitaandika na kutamkwa karibu sawa, kwa hiyo usipoteze usiku kucha ukitafuta tofauti ya maana. Vilevile Serbia utasikia zaidi hoću da idem, na Kroatia hoću ići. Usihangaike nayo: ya kwanza ni «nataka niende» na ya pili ni «nataka kwenda», na wewe tayari unazitumia zote mbili.