Kubadilisha TV za kichogo kwenye gari-nyumba la zamani: TV nunua mwisho

Magari-nyumba (motorhome, yaani magari ya kusafiria yenye vitanda na jiko ndani) yaliyotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1990 hadi 2005 hivi yanapatikana kwa bei ambayo familia ikijipanga inaweza kuimudu. Letu ni la mwaka 2001. Injini ikiwa nzima na paa likiwa halivuji, kitu cha kwanza kitakachokuonyesha umri wa gari ni TV: kichogo kikubwa ndani ya kabati juu ya kioo cha mbele, na kingine kidogo chumbani nyuma.

Karibu kila anayeniuliza habari hizi huanza na swali moja: ninunue inchi ngapi? Mimi namwambia TV ainunue mwisho. Kwanza ajue ubao utakaoibeba, kisha umeme utakaoiwasha. Hayo mawili yakishajulikana, suala la inchi linabaki dogo sana.

Vichogo hivi havitolewi kwa ajili ya urembo tu. Marekani ilizima matangazo ya analojia ya vituo vikubwa tarehe 12 Juni 2009. Wasomaji wa Dar es Salaam mnakumbuka yetu yalivyozimwa tarehe 31 Desemba 2012 na watu wakakimbilia ving'amuzi. Huku Marekani nako ni vilevile, kichogo bila king'amuzi hakikamati kituo kikubwa hata kimoja. Halafu kuna uzito. Kichogo cha inchi 27 kinaweza kufika kilo 40, na kilo hizo zote ziko juu ya kichwa cha dereva na abiria wake.

Kukitoa ni kazi ya watu wawili. Sehemu nzito iko mbele, kwenye kioo, kwa hiyo kikiteleza kinakuja kifudifudi. Tandika godoro juu ya viti vya mbele, ondoa fremu ya mbao, kisha tafuta mikanda ya chuma au bolti zilizokishika kwa chini. Mara nyingi zinafikika kupitia kabati la pembeni. Usikifungue kichogo chenyewe kwa sababu yoyote ile. Ndani yake hubaki umeme wa volti nyingi hata baada ya kuchomolewa.

Kikishatoka, chukua tochi uingize kichwa kwenye lile tundu. Usiharakishe hapa. Kwa nje, juu ya kioo cha mbele, kuna safu ya taa ndogo za rangi ya chungwa, na mpira wake ukizeeka maji hupenya yakashuka nyuma ya TV, mahali ambapo hakuna anayepaona. Kwenye gari letu ubao wa nyuma ulikuwa na michirizi ya rangi ya chai, na upande wa kulia ncha ya bisibisi ilizama kama kwenye mkate uliolowa. Tulifungua taa zote, tukakwangua silikoni ya zamani, tukaziba upya, tukakata ubao uliooza. Hatukugusa kitu kingine mpaka mvua kubwa iliponyesha na pale ndani pakabaki pakavu. Ukining'iniza TV mpya juu ya ubao mbovu, siku moja utaikuta sakafuni.

Hata ubao usipokuwa na unyevu, ukuta wa gari-nyumba si wa kuuamini. Mara nyingi ni plaiwudi nyembamba ya milimita chache, nyuma yake povu la kuzuia joto, na fremu ya mbao au alumini hapa na pale. Skrubu itashika vizuri ukiwa umeegesha, kisha mtikisiko wa barabara utaipanulia tundu kidogokidogo. Sisi tulikata plaiwudi ya milimita 18 ikafunika tundu lote la kichogo, tukaifunga kwenye fremu ileile iliyokuwa ikikibeba, kwa bolti zenye nati na washa pana. Fremu iliyostahimili kichogo miaka yote hiyo haitashindwa na TV ya kilo 5. Acha kimlango pembeni cha kufikia nyaya. Ukichagua stendi ya mkono unaovutwa, iwe na loki ya kuizuia gari likiwa linatembea. Nyingi za nyumbani hazina.

Sasa vipimo. Inchi za TV hupimwa kona kwa kona, na umbo limebadilika kutoka 4 kwa 3 kuwa 16 kwa 9. Kioo cha kichogo cha inchi 20 kina upana wa sentimita 41 na kimo cha 30. Flati skrini ya inchi 24 ina kimo hichohicho cha 30, ila upana ni 53. Ya inchi 32 ni 71 kwa 40, bila kuhesabu fremu yake. Pima tundu, kisha fungua milango ya makabati ya pembeni uone kama itagonga. Na kwa kuwa TV ya mbele inatazamwa kutoka chini, tafuta yenye kioo cha aina ya IPS, kinachotazamika vizuri hata kwa pembeni au chini, na uiinamishe kidogo. Vioo vingi vya bei rahisi hubadilika rangi vikitazamwa kwa chini, na watoto waliokaa sakafuni hawataona kitu cha maana.

Kwenye umeme ndipo pesa zinapopotea au kuokolewa. Gari-nyumba lina umeme wa aina mbili: volti 12 kutoka kwenye betri, na volti 120 kutoka kwenye kambi za kuegesha magari haya, kwenye jenereta au kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 120). Soketi iliyo nyuma ya kichogo kwa kawaida ni ya volti 120. Kama ninyi hulala kwenye kambi zenye umeme kila safari, nunua TV ya kawaida ya dukani na usijisumbue. Lakini kama mnapenda kulala msituni, tafuta ya volti 12. TV ya LED ya inchi 24 hula wati 25 hadi 40 hivi, yaani ampea 2 au 3 za betri. Filamu ya saa mbili haitakumalizia betri.

Tahadhari: volti 12 za gari si 12 kamili. Betri ikiwa inachajiwa zinapanda hadi 14 na zaidi, na injini ikipigwa stati zinashuka ghafla. Kuna wanaokata adapta ya TV ndogo ya nyumbani wakaiunganisha moja kwa moja na betri kwa kuwa imeandikwa volti 12. Bila kidhibiti volti katikati, TV hiyo iko hatarini kila siku. Weka kidhibiti, weka na fyuzi karibu na unapochukulia umeme.

Kuna jambo wengine hulifanya ambalo sikubaliani nalo hata kidogo. Kwenye magari mengi ya aina hii, soketi ya TV ya mbele hupitia relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, inayokata umeme mara injini inapowashwa, ili dereva asitazame TV akiwa barabarani. Ukivuta waya mpya kutoka kwenye betri, umeiruka relei hiyo. Wapo wanaoiruka makusudi ili abiria waburudike njiani. Gari la tani kadhaa, familia nzima ndani, na picha zinacheza juu ya macho ya dereva! Funga relei ya volti 12 inayofuata swichi ya injini. Ni kifaa cha bei ndogo. Watoto wakitaka katuni safarini, ile ya chumbani ipo, mradi waweze kuiona wakiwa wamekaa kwenye viti vyenye mikanda. Kitandani hakuna mkanda.

Antena yenye mabawa iliyo juu ya paa usiitupe. Inakamata vituo vya kidijitali bila shida. Ila inategemea busta (kikuza mawimbi) inayopata umeme kupitia waya wa antena wenyewe, kutoka kwenye kibao kidogo cha ukutani chenye kitufe na taa. Taa isipowaka, hupati kitu. Ukichomeka kebo ya kambi, zima busta. Kila mnapohamia, tafuteni vituo upya, na antena ishushwe kabla ya kuondoka. Kile kisanduku cha vitufe vya kuchagulia antena, kebo au deki, cha enzi za deki za video, kiondoe kabisa. Kwa wanaotegemea intaneti, saa moja ya picha safi inaweza kula GB 3 za bando, kwa hiyo pakueni filamu mkiwa bado nyumbani.

Vichogo vyenyewe visiende jalalani. Kioo chake kina risasi, na majimbo mengi yanakataza kuvitupa na taka za kawaida. Tafuta kituo cha kaunti kinachopokea taka za umeme, lakini piga simu kwanza: vipo vinavyopokea kompyuta na flati skrini na kukataa vichogo, na vinavyovipokea vingi hutoza ada.