Jibu: Ni kweli barabara ilipisha mti Ayalandi?

Ndugu, umeuliza kama ni kweli barabara ilikwepeshwa kwa ajili ya mti. Kweli kabisa. Mwaka 1999, huko Latoon katika kaunti ya Clare, msimulizi wa ngano Eddie Lenihan alikitetea kichaka cha miiba ambacho wazee wanasema ni kituo cha sídhe, tuseme majini wa kwao. Barabara ikakwepeshwa, kichaka kikabaki. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana akakikata matawi yote (roho mbaya tu!), lakini kikachipua tena.

Lugha ya Waayalandi nayo imejaa miti: jina la mji wa Derry linatokana na Doire, yaani msitu wa mialoni. Muziki je? Wakazi wa visiwa vya Blasket, hukohuko Ayalandi, walikuwa na wimbo uliosemekana kuwa wa majini hao, uliosikika baharini usiku. Wengine wanadhani walimsikia nyangumi.