Jibu: Matteo Ricci alikubaliwaje Beijing?

Ndugu, umeuliza padri huyu Mwitaliano aliwezaje kuishi Beijing wakati China iliwafungia wageni milango. Kwa kweli haikuwa ghafla. Alifika Macau, mji wa pwani ya kusini mwa China, mwaka 1582, na Beijing akaruhusiwa kukaa mwaka 1601. Hapo katikati kuna karibu miaka 20 ya kujifunza lugha na kusoma vitabu vya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China.

Mwanzoni alinyoa kichwa na kuvaa kama mtawa wa Kibudha. Akaja kugundua kwamba wenye kauli ni wasomi, basi mwaka 1595 akafuga ndevu na kuvaa joho la hariri kama wao. Mimi naona hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Halafu saa! Mfalme Wanli wa China alipenda mno saa zinazogonga zenyewe alizoletewa na Ricci kama zawadi, na matowashi wa ikulu walihitaji kufundishwa kuzitia ufunguo. Lakini uso kwa uso na mfalme, Ricci hakuwahi kuonana naye.

Pamoja na msomi wa Kichina Xu Guangqi, Ricci alitafsiri kwa Kichina jiometria ya Euklidi, mwanahisabati wa kale wa Kigiriki, vitabu sita vya kwanza, ikachapishwa 1607. Alipofariki 1610, mfalme alitoa kiwanja azikwe Beijing. Kwa mgeni, hiyo ilikuwa heshima kubwa sana.