Kontrola ya PS4 kujizima baada ya nusu saa: usikimbilie kununua betri

Kaka uliyeuliza kama utupe kontrola inayojizima baada ya nusu saa, usiitupe. Nina kijichumba cha gemu huku Umoja, Nairobi, mashine tatu tu, na vijana hawaziachilii kuanzia saa kumi jioni. Kontrola zangu zote zimewahi kunichezea mchezo huo.

Kabla ya betri, badilisha waya wa kuchaji. Kisha chomeka kontrola mashine ikiwa imepumzishwa. Taa ya rangi ya chungwa inapaswa kuwaka na kufifia polepole. Ukitikisa waya kidogo taa ikapotea, ni tundu la kuchajia lililolegea. Mimi nilinunua betri mbili bure kabla ya kugundua hilo. Tundu lenyewe liko kwenye kibao chake kidogo, linabadilishwa peke yake.

Ikiwa ni betri kweli, geuza kontrola usome namba ya nyuma. Betri ya PS4 ni LIP1522, ya 1000 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), lakini plagi ziko za aina mbili. CUH-ZCT1, ile ya kwanza ya 2013, ina plagi kubwa. CUH-ZCT2, iliyokuja 2016 na ambayo mwanga wake unapenya hata kwa mbele kwenye pedi ya kugusa, ina plagi ndogo. Namba ya betri haikuambii tofauti hiyo! Nilinunua moja mtaa wa Luthuli mjini, muuzaji akaniapia kwamba "zote ni sawa tu", nikafika nyumbani plagi haiingii. Kurudi, hanijui. Nikaona nijifanye fundi, nihamishie plagi ya zamani. Nikakata waya mwekundu na mweusi kwa mkasi, pamoja, mkato mmoja. Cheche ilinirukia kidoleni na betri mpya ikafia mkononi. Siku hizi naenda na ile ya zamani mfukoni, nazilinganisha hapo hapo dukani kabla sijatoa pesa: ukubwa wa plagi, na waya mwekundu uko upande gani.

Usidanganywe pia na kibandiko. Betri yenye umbo lile lile, nyepesi kuliko ya zamani, imeandikwa 2000. Hizo nguvu zimewekwa wapi? Yangu ya namna hiyo haikumaliza hata mechi tano.

Kufungua si kazi. Skrubu nne nyuma, bisibisi ndogo ya nyota, halafu unapanua ganda taratibu kuanzia kwenye mikono kwa kadi ya plastiki. Ila usiivute kwa nguvu, kwa sababu kuna utepe mwembamba wa waya unaounganisha ganda la nyuma na kibao kikuu. Ukichanika, kontrola haichaji tena. Uchomoe kwanza. Springi za vitufe vya L2 na R2 nazo hupenda kuruka, kwa hiyo fanyia kazi juu ya taulo (moja yangu bado iko chini ya kabati). Betri chomoa kwa kushika plagi, si waya.

Ukikuta imefura kama andazi, usiibonyeze wala kuitoboa, na usiitupe kwenye taka za mtaa zinazochomwa jioni. Zangu napeleka WEEE Centre, wanapokea vitu vya umeme vilivyokufa.

Wenye Xbox mna raha zenu, ni AA mbili basi. Nunua za kuchaji, nne, mbili zikitumika mbili ziko kwenye chaja. Ya PS5 ni LIP1708, 1560 mAh, na kuifungua kuna vikwazo zaidi. Ile nilimpa fundi.

Tuma picha ya namba ya nyuma nikuambie plagi yako ni ipi. Na kama umeshanunua, usikate waya.