Mwalimu, pima kwa kigezo, si kwa jirani

Siku ya kufunga shule, mzazi akipokea ripoti jicho lake linakwenda moja kwa moja kwenye nafasi. Wa 6 kati ya 88, anatabasamu. Wa 61, mtoto anaanza kusemwa pale pale uwanjani. Hakuna aliyeuliza kama huyo wa 6 anaweza kusoma aya ngeni na kueleza alichosoma, wala kama huyo wa 61 kilichomkwamisha ni kutoa kwa kukopa tu. Nafundisha madarasa ya chini huku Rungwe, mkoani Mbeya, na walimu wa ajira mpya wakiripoti shuleni kwetu huwa nawaambia mapema: nafasi inakueleza mtoto kawazidi akina nani. Anajua nini, itabidi uende ukamtazame mwenyewe.

Kipimo kipo, tena kimeandikwa. Mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vigezo vya upimaji vya kila umahiri, tangu ule wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2015 hadi hii ya mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Wengi wakiandaa azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula, wanachukua shughuli na idadi ya vipindi, safu ya vigezo wanairuka. Nakushauri uanzie hapo hapo kwenye safu wanayoiruka. Kabla hujaandika andalio la somo, soma kigezo, halafu jiulize: nikimwita mtoto mmoja mbele, nitaona nini au nitasikia nini ndipo niseme huyu ameweza? Kama jibu huna, somo hilo bado hujaliandaa.

Mitihani ya taifa nayo inakwenda hivyo. Darasa la saba kila somo lina alama 50, na anayepata kuanzia 41 ana A, hata kama shule nzima imepata A. Hashushwi mtu ili kumpisha mwingine. Tena Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila ile orodha ya shule bora na wanafunzi bora tuliyoizoea. Nililipokea uamuzi ule kwa furaha kubwa, na bado nasubiri ufike kwenye mbao za matangazo za shule za msingi.

Sasa tuje darasani, maana huko ndiko kwenye kazi. Kusoma hakupimwi kwa darasa zima kuitikia kwa pamoja. Watoto 80 wakisoma kwa sauti moja, 30 wanasoma na waliobaki wanafuata wimbo. Lazima umkalishe mmoja mmoja karibu nawe, wengine wakiendelea na zoezi. Mwambie aweke kidole kwenye neno analosoma, kisha usiangalie uso wake, angalia kidole. Utamkuta mtoto anatiririka ukurasa mzima wa kitabu cha darasa la pili bila kukwama hata mara moja, kumbe kidole kiko mstari wa juu na mdomo uko mstari wa tatu. Huyo ameukariri ukurasa kwa msaada wa picha. Mwandikie kwenye kipande cha karatasi sentensi ambayo haimo kitabuni, kwa mfano "Mbwa wa shangazi amekunywa maji ya ng'ombe", uone. Hapo utajua kama shida yake ni silabi zote, au ni zile za herufi tatu na nne tu: mbwa, nywa, ng'o. Akimaliza muulize nani alikunywa maji. Mwingine anasoma maneno yote sawasawa na hajui nani alikunywa. Hao ni watoto wawili wenye mahitaji mawili tofauti, na mtihani wa karatasi ungewapa wote alama zinazolingana.

Kuna jambo moja la huku kwetu nalisisitiza sana. Watoto wengi wanakuja shule na Kinyakyusa, Kisafwa au Kindali, na r inatoka l. Mtoto akiona "rafiki" akatamka "lafiki", amesoma. Herufi ameitambua, silabi ameziunganisha, maana ameipata. Matamshi yana wakati wake wa kufundishwa, lakini usimhesabie kosa la kusoma. Mwalimu mgeni aliyetoka Pwani akiweka alama ya kosa kwa kila l, anaweza kumwandika mtoto hajui kusoma wakati anajua vizuri tu.

Kwenye hesabu, acha kuweka alama ya kosa na kupita. Mpe mtoto 52 kutoa 27. Mmoja anakuandikia 35, mwingine 26. Wote wamekosa, ila wa kwanza ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu ameona 7 ni kubwa. Kukopa hakujui kabisa. Wa pili kukopa anajua, ameteleza kwenye kuhesabu. Wa kwanza anarudi kwenye vijiti na mafungu ya kumi kumi, wa pili anahitaji mazoezi mawili matatu tu. Ndiyo maana maswali ya kuchagua siyapendi kwa madarasa ya chini: mtoto akiweka duara kwenye herufi, njia aliyopitia huioni, na kati ya majibu matano anaweza kubahatisha akapata.

Najua utauliza, watoto 90 nitawapima saa ngapi? Usiwapime siku moja. Chukua watano kwa siku. Daftari kubwa la kaunta linatosha: majina yashuke chini, vigezo vikae juu, na kwenye kila chumba herufi moja, W kwa aliyeweza, K kwa aliyekaribia, B kwa ambaye bado. Wiki ya nne haiishi umelimaliza darasa, na unapoanza tena anza na wenye B. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija akataka kuona upimaji endelevu, mpe daftari hilo. Halafu mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Tukuyu ikishika, imla isiwe kipindi cha kwanza. Vidole vimekufa ganzi, herufi zinatoka zimepinda, nawe unaandika kwamba mtoto hajui kuumba herufi. Isogeze hadi baada ya uji.

Jambo lingine ni kukubaliana na wenzako. Chukueni barua moja ya mtoto wa darasa la nne, mtoe nakala tatu, walimu watatu waisahihishe bila kuonana. Msishangae mmoja akitoa 7, mwingine 4. Mmoja kakata kwa ajili ya mwandiko, mwingine kwa alama za uandishi, wa tatu kaangalia ujumbe. Kaeni mpange kabla: anwani na muundo ngapi, ujumbe ngapi, tahajia ngapi. Na someni taarifa za uchambuzi wa majibu ambazo Baraza huziweka kwenye tovuti yake, somo kwa somo. Zina picha za majibu halisi ya wanafunzi, mazuri na mabaya, pamoja na maelezo ya walikokwama.

Wazazi nao huelewa ukiwapa mfano wa shambani. Kwenye kikao nawaambia: ukipeleka chai kituoni, karani anatafuta majani mawili na chipukizi; hakuulizi jirani kaleta ya namna gani. Baada ya hapo namwonyesha kila mmoja mstari wa mtoto wake kwenye daftari. Mama mwenye mtoto wa K kwenye kusoma anaondoka akijua kwamba jioni amsikilize sentensi tatu tu, mpya kila siku. Hilo analiweza hata kama amechoka na kuchuma.

Mwezi wa 12 ripoti yangu bado ina nafasi, kwa sababu fomu inaitaka. Chini yake, kwenye maoni ya mwalimu wa darasa, siandiki "ongeza bidii". Naandika "anasoma silabi za herufi mbili, za herufi tatu bado". Na mwalimu anayelipokea darasa langu namkabidhi daftari lenyewe, tunakaa naye tukipitia majina yenye B moja moja, ili Januari asianze kwa kubahatisha.