Stika kwenye bamba la gitaa la besi

SWALI: Nataka kubandika stika ya vinaili kwenye bamba la plastiki linalokinga gitaa langu la besi. Je, nilifungue kwanza?

JIBU: Lifungue, tafadhali. Ukikata stika bamba likiwa palepale, wembe utachora rangi ya gitaa, na alama hiyo haifutiki. Legeza nyuzi, fungua skrubu, liinue taratibu: huenda nyaya za vitufe vya sauti zimeshikana nalo. Futa mafuta ya vidole kwa spiriti. Bandika kuanzia katikati, ukisukuma hewa nje. Kazi hasa iko ukingoni, kwa kuwa umekatwa mshazari. Pasha stika kwa draya ya nywele mpaka ilainike, ikunje, kisha kata upande wa nyuma. Mimi huchagua isiyong'aa, maana haionyeshi sana alama za vidole.